Gari la spoti lenye turbo na injini ya GDI: namna ya kulinunua na kulitunza Uganda

Golf GTI, Suzuki Swift Sport, Subaru Levorg, Mazdaspeed Axela, Mini Cooper S. Haya ndiyo magari ya spoti ambayo mtu asiye tajiri anaweza kuyafikia kwenye bondi za Kampala, yaani yadi za magari yaliyoagizwa nje. Matoleo yake ya miaka ya karibuni yana jambo moja yanaloshirikiana: turbo inasukuma hewa, na injekta zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mafundi wengi huziita injini hizo GDI tu, hata kama nembo iliyobandikwa nyuma ni TSI, DIT au Boosterjet.

Watu wanaziogopa, na hofu hiyo ina sababu. Injini za kwanza za D-4 za Toyota na GDI za Mitsubishi zilifika Afrika Mashariki zikiwa zimeshatumika Japani miaka mingi. Ziliwatesa wenyewe kwa kugoma kuwaka, kumisi (silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake) na kutoa moshi, hadi kutaja GDI kukawa njia ya kuangushia bei. Mimi nasimama upande wa pili. Kinachoziua injini hizi mara nyingi si turbo wala teknolojia yenyewe. Ni oili iliyochelewa kumwagwa na petroli chafu. Anayenunua kwa kufuata historia ya oili badala ya kufuata rimu na rangi atapata gari jepesi, lenye nguvu, linalokula mafuta kidogo kuliko V6 yoyote iliyoegeshwa pembeni yake.

Fahamu kwanza kinachotendeka ndani

Katika injini ya kawaida, injekta hukaa kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, na petroli hupulizwa kwa shinikizo la baa (kipimo cha shinikizo) 3 au 4 hivi. Katika GDI, mdomo wa injekta umeingia ndani ya silinda, kwa hiyo petroli lazima ilishinde shinikizo lililomo humo. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya pili, inayosukumwa na kemshafti (mhimili unaofungua valvu), ambayo hupandisha petroli hadi baa 100, 150, hata 200. Petroli hiyo ikigeuka mvuke ndani ya silinda hupoza hewa iliyobanwa na turbo, na hapo ndipo injini ndogo inapopata nguvu ya injini kubwa bila kugonga, yaani bila petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Wazo lenyewe si jipya: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa nalo, na Mitsubishi waliliingiza katika magari ya kawaida kupitia Galant ya 1996.

Kwetu Uganda kuna jambo la ziada. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukipanda hadi Kabale, karibu mita 2,000, hasara hufika kama moja ya tano. Turbo hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi, ndiyo maana gari hizi zinapanda milima ya Kigezi kama vile hakuna kilichopungua. Lakini turbo inayozunguka zaidi inapata joto zaidi, na kinachoilainisha na kuipoza ni oili ile ile uliyonayo kwenye karta, bakuli la chini ya injini.

Hatua ya kwanza: chagua injini kabla ya kuchagua gari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea au huokolewa, kwa hiyo usikimbie.

Golf GTI ya kizazi cha tano, ile ya miaka ya 2005 hadi 2008, ina injini ya TFSI ya lita 2.0 yenye mkanda wa taimingi. Udhaifu wake mkubwa ni kikombe kidogo cha chuma kilichopo kati ya kemshafti na pampu ya shinikizo kubwa. Kikombe hicho hulika, hutoboka, halafu kemshafti yenyewe huanza kuliwa. Ni kipuri kidogo na hutolewa kwa kufungua boliti chache tu. Kama muuzaji hajui kama kimewahi kubadilishwa, chukulia kwamba hakijabadilishwa, na kitazamwe kabla hujalipa.

GTI ya kizazi cha sita iliondokana na tatizo hilo lakini ikaja na mengine mawili: kikaza cha cheni ya taimingi, hasa matoleo ya kabla ya 2012, na ringi za pistoni zinazopitisha oili. Kikaza kikiachia, cheni huruka meno na valvu hugonga pistoni. Kizazi cha saba, kuanzia 2013, kiliboreshwa sana, na katika baadhi ya masoko injini yake ina injekta za aina zote mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa. Ukiipata hiyo, tatizo la masizi nitakalolieleza mbele hupungua mno.

Mini Cooper S ya 2007 hadi 2010 ni gari tamu kuliendesha, lakini nisingemshauri mtu alinunue kama gari lake pekee. Cheni, pampu ya shinikizo kubwa na masizi vyote vinaweza kukudai kwa mpigo. Iliyofuata baada ya hapo ina afadhali. Mazdaspeed Axela, yenye nguvu za farasi 264 kwa vipimo vya Japani, inaburudisha kweli, ila angalia turbo inayotoa moshi na cheni iliyolegea.

Subaru Levorg, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2014, ipo ya lita 1.6 yenye farasi 170 na ya lita 2.0 yenye farasi 300. Wengi hukimbilia ya 2.0. Kwa barabara zetu na petroli yetu, ya 1.6 inatosha, na iliundwa itumie petroli ya kawaida ya Japani.

Chaguo langu mwenyewe ni Swift Sport ya kuanzia 2017. Injini ya lita 1.4, farasi 140, uzito wa kilo 970 tu ikiwa ya gia za mkono. Nguvu yake si ya kutisha, lakini wepesi huo unapunguza kazi ya kila kitu: breki, tairi, klachi, turbo.

Kama unaagiza kutoka nje, kumbuka marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yaliyozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na uthibitishe kanuni na kodi za wakati huo kabla hujatuma pesa. Omba pia cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachodaiwa na Shirika la Viwango la Uganda, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani. Linganisha kilomita za kwenye karatasi hizo na za kwenye dashibodi. Zikitofautiana, mjadala umekwisha.

Hatua ya pili: likague likiwa baridi

Mpigie muuzaji simu siku moja kabla: "Bosi, nitafika saa mbili asubuhi. Tafadhali msiliwashe kabla sijaja." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu ameificha sauti ya asubuhi, na sauti hiyo ndiyo uliyoifuata.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Tazama kiwango, kisha nusa. Oili inayonuka petroli waziwazi, au iliyopanda kupita alama ya juu, inaonyesha petroli inavuja kuingia kwenye karta au gari limeishi kwenye safari fupi fupi bila kupata moto wa kutosha. Oili iliyo chini ya alama kwenye gari linalouzwa ni dalili mbaya zaidi: aidha injini inaila, aidha hakuna aliyejali. Fungua kifuniko cha oili umulike ndani kwa tochi ya simu. Rangi ya kahawia nyepesi ni sawa. Utando mweusi mzito ulioganda ni sababu ya kuaga.

Sasa mwambie mtu awashe huku wewe umesimama mbele ya injini. Sauti ya tiki-tiki ya haraka kutoka juu ni ya kawaida, ni injekta na pampu. Sauti ya mnyororo unaogongagonga kwa zaidi ya sekunde mbili tatu si ya kawaida. Kutetemeka na kumisi kwa dakika ya kwanza, kisha kutulia, kwa kawaida ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa. Hilo linatibika, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Injini ikishatulia, fungua kifuniko cha oili tena taratibu. Mvuto kidogo unakubalika. Ukivuta kwa nguvu, kukawa na mluzi na injini ikayumba, basi valvu ya mvuke wa karta imepasuka. Kwenye Golf ni ugonjwa wa kawaida.

Liache lingurume bila kukanyagwa kwa dakika tatu nne, kisha kanyaga kidogo na mtu atazame ekzosi. Wingu la bluu linatoka kwenye oili, ama kupitia sili za turbo ama za valvu. Mwisho pitisha mkono kwenye mabomba kati ya turbo na kipoza hewa. Unyevu mwembamba wa oili upo kwenye magari mengi. Oili inayodondoka ni habari nyingine.

Hatua ya tatu: mashine ya kompyuta

Usikubali kuonyeshwa kwamba taa ya injini haiwaki. Taa hufutwa kwa dakika moja. Njoo na fundi mwenye mashine inayosoma vipimo huku gari likienda, siyo ile ya kusoma kodi (namba za hitilafu) tu. Kodi za kuogopa ni P0016, inayodokeza kwamba kemshafti na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haziendi pamoja, mara nyingi kwa sababu ya cheni. P0087, shinikizo la petroli kuwa chini. Na P0299, turbo kushindwa kusukuma inavyotakiwa. Mfululizo wa P0300 ni kumisi, na unaweza kuwa plagi au koili tu.

Tazama shinikizo la reli ya petroli, bomba linalozigawia injekta petroli. Injini nyingi za aina hii huonyesha kama baa 40 hadi 60 zikiwa kwenye mlio wa chini, kisha hupanda kupita 100 ukikanyaga. Ikiwa kompyuta inaomba 110 na reli inatoa 60, pampu imechoka au kikombe chake kimelika.

Hatua ya nne: liendeshe mahali penye mlima

Kuzunguka mtaa tambarare hakukuambii chochote. Panda Muyenga au Naguru ukiwa gia ya tatu. Nguvu ije kwa mfululizo mmoja laini, bila kukatika wala mluzi mpya. Halafu tafuta kipande cha wazi, kwa mfano barabara ya kulipia ya Entebbe, ndani ya kikomo cha kasi, uangalie kama joto la injini halisogei. Kwa gari lenye gia za DSG (za kujibadilisha zenyewe kwa klachi mbili), lisikilize pia kwenye foleni: gia ya kwanza na ya pili zisishtue. Zile za klachi kavu, za gia saba, hazipendi kabisa foleni ya Kampala.

Hatua ya tano: wiki ya kwanza baada ya kununua

Mwaga oili na ubadilishe filta yake hata kama umeambiwa ilibadilishwa jana. Weka plagi mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, filta ya hewa, na filta ya petroli kama inabadilika peke yake. Plagi bandia ni nyingi mjini na hutofautishwa kwa shida, kwa hiyo nunua kwa wakala au duka ambalo litakuandikia risiti yenye jina lake.

Oili inahitaji maneno zaidi. Angalia kwanza namba ya kiwango cha mtengenezaji: injini za Golf nilizozitaja, kwa mfano, huelekezwa VW 502 00. Kisha tafuta alama ya API SP (kiwango cha ubora wa oili), iliyoanza 2020, au angalau SN Plus ya 2018. Viwango hivyo viliwekwa hasa kwa ajili ya injini za turbo za GDI. Katika injini hizi, tone la oili lililochanganyika na petroli linaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche, na mlipuko huo wa mapema una uwezo wa kuvunja pistoni. Oili za zamani zenye kalsiamu nyingi huchochea jambo hilo, na hapo bei nafuu ya dumu haina maana yoyote.

Mtengenezaji anaweza kuandika kilomita 15,000 kati ya kumwaga na kumwaga. Kwa vumbi, joto na foleni zetu, mimi nasema 5,000. Piga picha risiti kila mara. Siku ya kuuza, picha hizo zitakuwa na thamani kuliko sistimu ya muziki.

Filta ya hewa nayo isipulizwe kwa kompresa na kurudishwa milele. Vumbi jekundu la barabara za udongo likipenya hula mapanga ya turbo, na mapanga yakishalika hayarudi.

Hatua ya sita: petroli

Pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na petroli yenyewe. Petroli iliyochanganywa na maji huikausha na kuitia kutu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hushusha okteni (uwezo wa petroli kuzuia kugonga), na injini inaanza kugonga. Jaza kwenye vituo vinavyouza sana, ambako mafuta hayalali kwenye tangi la chini ya ardhi, na usiruhusu tangi lako lishuke chini ya robo. Usinunue ya kwenye chupa kando ya barabara.

Japani ina petroli za aina mbili: ya kawaida, isiyopungua okteni 89, na ya juu, isiyopungua 96. Kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi hukuambia gari lako liliundiwa ipi. Kiko kwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kukitafsiri kwa kukipiga picha. Kikidai ya juu, tafuta petroli bora zaidi inayouzwa hapa, na usilikamue gari ukiwa safarini mahali ambako hukuipata.

Hatua ya saba: namna ya kuendesha

Mlipuko wa mapema niliousema hutokea zaidi injini ikizunguka polepole huku imebebeshwa mzigo mkubwa. Kwa hiyo usikanyage hadi chini ukiwa gia ya tano kwenye mzunguko wa 1,500 kwa dakika. Shusha gia kwanza, ipite 2,500, ndipo uombe nguvu. Asubuhi, endesha kwa upole mpaka oili ipate moto, na joto la maji huwa linatangulia joto la oili kwa dakika kadhaa. Ukitoka safari ndefu ya kasi, kilomita mbili za mwisho ziende polepole ili turbo ipoe. Na angalau mara moja kwa wiki litoe nje ya foleni, liende nusu saa mfululizo, ili petroli iliyoingia kwenye oili ipate kuondoka kama mvuke.

Hatua ya nane: kuondoa masizi

Katika injini ya kawaida, petroli huosha migongo ya valvu za kuingiza hewa. Katika GDI haizifikii. Mvuke wa oili kutoka kwenye karta hugandia pale, hupikwa, na kuwa gamba jeusi linaloziba hewa. Ndiyo maana dawa za kumimina kwenye tangi, hata zilizo nzuri, haziwezi kulitoa. Zinasafisha injekta, hazigusi valvu. Mtu akikuuzia chupa kwa ahadi hiyo, mwache.

Tegemea kazi hii kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Inafanyika hivi. Fundi anafungua manifoldi ya hewa. Anazungusha krenki kwa mkono mpaka valvu za silinda moja zifunge kabisa, na anahakikisha kwa tochi. Gereji zenye vifaa hupuliza unga wa maganda ya jozi kwa hewa ya kompresa huku zikifyonza, kwa sababu unga huo hung'oa masizi bila kukwaruza chuma. Pasipo na vifaa hivyo, dawa ya kulainisha masizi humwagwa kwenye njia ya silinda hiyo tu, huachwa ilowe, husuguliwa kwa brashi ya nailoni, kisha hufyonzwa yote. Zoezi hurudiwa silinda kwa silinda. Bisibisi isiingie humo. Valvu ikiwa wazi hata kidogo, uchafu huanguka ndani ya silinda na kazi ya siku moja inageuka kufungua injini.

Mkatalie pia fundi anayetaka kupuliza dawa nyingi mdomoni mwa injini inayonguruma. Vipande vikubwa vikibanduka hupita kwenye turbo na katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi) vikiwa vya moto.

Kama injekta zitatolewa, sili zake za tefloni lazima ziwe mpya. Na mkumbushe: "Bwana fundi, toa shinikizo kwanza kabla ya kufungua bomba." Petroli ya baa 150 hutoboa ngozi, na kidonda chake kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo hata kama kinaonekana kama tundu la sindano.

Hatua ya tisa: kabla ya kuongeza nguvu

Kubadilisha programu ya kompyuta kunaweza kuongeza nguvu nyingi bila kugusa boliti, na ndiyo sababu vijana wengi wanaonunua GTI huwaza hilo kabla ya kuwaza oili. Kwanza gari limalize angalau mizunguko miwili ya oili mikononi mwako bila kuipunguza, masizi yawe yametoka, na reli ya petroli ifikie shinikizo linaloombwa. Kisha umtake anayebadilisha programu akuonyeshe, kwenye gari lako na kwa petroli unayonunua wewe, rekodi ya shinikizo la petroli, joto la hewa na kiasi ambacho kompyuta inarudisha nyuma cheche kwa sababu ya kugonga. Asiyekuwa na rekodi hizo asikuguse kompyuta. Liache gari na programu ya kiwandani.